Kijani cha Isanga

Kwa siku tisa jiwe lilikuwa linaoga ndani ya sufuria kubwa kuliko zote nyumbani kwa Loisi, na kwa siku tisa Loisi alilichukia kama mgeni asiyejua kuaga.

Si kwamba lilikuwa baya. Uzuri wake ndio uliomkera. Lilikuwa na ukubwa wa kichwa cha mtoto, na ukilitazama ungeapa kwamba ni kipande cha mti kilichokatwa jana. Gome lilikuwepo, limepasukapasuka kama kisigino cha mchunga ng'ombe. Pete za umri zilikuwepo, moja ndani ya nyingine. Hata tundu la funza lilikuwepo, funza aliyeutoboa mti huo zamani ambazo hakuna mtu wa kuzihesabu, akaenda kombo, akageuka, akatokea upande wa pili. Ukilibeba ndipo mikono inakuambia ukweli: ni jiwe. Na kuanzia kwenye gome mpaka kwenye moyo wa mti, jiwe hilo lilikuwa la kijani. Halikuwa na kijani cha vichaka vya kijijini kwao Mwilanje, ambacho miezi minane ya mwaka ni kijivu kinachojisingizia. Kijani chake kilikuwa cha uwele wiki mbili baada ya mvua ya kwanza. Lile tundu la funza ndilo lililokolea kupita kote, kana kwamba mdudu yule alipotoka aliacha taa inawaka.

Mumewe, Yotham, ndiye aliyelipata. Yotham alikuwa mchonga mizinga ya nyuki, na hakuna aliyebishana naye kuhusu miti. Mpe kibanzi gizani, akinuse, akipige kucha, atakuambia huu ni mninga, huu ni mtundu, huu ni mkwaju uliokufa na kiu. Mwezi wa Agosti alikuwa anachimba mfereji chini ya kilima cha Isanga, apate kuyaleta maji ya mvua shambani kwao, jembe likagonga shina. Alifurahi. Shina zima, nene, limelala chini ya ardhi bila kuliwa na mchwa! Akaona mizinga sita humo. Akaenda kuchukua shoka. Pigo la kwanza lilitoa cheche, na la pili likamega ubapa wa shoka vipande viwili.

Yotham alikaa chini akalitazama shina hilo kama mtu aliyetukanwa na mtoto. Mti asioujua jina! Akachimba siku nne. Shina karibu lote lilikuwa la rangi ya ini, na weusi hapa na pale. Mahali pamoja tu, pale tawi lilipokuwa limeungana na mwili wa mti, ndipo palipokuwa na kijani. Akapasua hapo kwa nyundo na patasi ya chuma, akatoa kipande kimoja. Kijani chote kilitoka nacho. Akafukia shimo, akafunga kipande kwenye gunia, akaenda mjini.

Huo ulikuwa mwaka wa tisini na nne, miaka ya ruksa. Kila kitu kilikuwa ruksa. Mitumba ilikuwa imejaa mnadani mpaka watu wakaanza kuchagua kola. Wanunuzi wa mawe walikuwa wanapita vijijini na tochi ndogo, wakimulika hata mawe ya kusagia ya akina mama. Na wenye makampuni walikuwa na ruksa ya kuomba kilima kama mtu anavyoomba kiberiti.

Mjini, ofisini, Yotham alipokelewa na kijana mtaalamu wa miamba, Gaudence, mtu wa Bukoba, mpole, mwenye kalamu tatu mfukoni. Gaudence alilitia jiwe mate kwa kidole, akalisogeza dirishani. Kisha akafunga mlango.

"Mzee Yotham, umelitoa wapi hili?"

"Isanga. Chini ya kilima, penye shamba langu."

"Isanga imeombwa na kampuni tangu mwezi wa saba. Kilima chote, na tambarare ya chini mpaka kwenye korongo."

"Tambarare hiyo ndiyo shamba langu."

"Najua. Naiona kwenye ramani." Gaudence aligonga meza kwa kalamu. "Lakini kampuni wameomba kutafuta tu. Hawajaonyesha kitu. Sheria inamtanguliza aliyegundua. Tarehe ishirini na tisa Septemba nakuja kukagua, nao watakuwepo, na mwenyekiti wa kijiji atakuwepo. Ukinionyesha jiwe hili palepale lilipotoka, lina rangi mpaka moyoni kama hivi, naandika jina lako kwanza. Shamba lako linabaki ndani ya kitalu chako, na hakuna wa kukusogeza."

"Na nisipolionyesha?"

"Basi eneo lote ni lao."

Wakati Yotham anafunga gunia, Gaudence, ambaye tayari alikuwa ameitwa na mtu mwingine mlangoni, aligeuka akamwambia, "Liweke ndani ya maji, mzee. Lisitoke majini mpaka nije." Yotham akaitikia kwa kichwa. Hakuuliza kwa nini. Yotham hakuwa mtu wa kuuliza kwa nini mbele ya kijana wa umri wa bintiye. Alidhani ni kwa ajili ya uzuri, kwa sababu kila mnunuzi wa mawe aliyewahi kumwona alilamba jiwe kwanza ndipo aone rangi.

Hivyo aliporudi Mwilanje alimwambia Loisi maneno mawili tu. "Liweke majini."

"Maji gani, Baba Evarista?"

"Maji. Kwani yako mangapi?"

"Kisimani siku hizi tunachimba mchanga mpaka kiunoni."

"Chimba mpaka kifuani. Shamba hilo ni la baba yangu." Kisha akalainika kidogo, kama alivyokuwa akilainika siku zote baada ya kuwaka. "Mama Evarista, siku ishirini tu. Baada ya hapo hatusumbuliwi tena na mtu."

Asubuhi yake aliondoka kwenda Mtera kumtafuta kaka yake, Yoramu, aliyekuwa amehamishia mifugo huko kandokando ya bwawa. Alimtaka aje kushuhudia mbele ya mwenyekiti kwamba shamba lile lililimwa na baba yao kabla hata ya kijiji kuandikishwa. Alichukua fimbo, blanketi na kibuyu, akaenda. Loisi akabaki na jiwe, ng'ombe mmoja na ndama wake.

*

Maji ya Mwilanje wakati wa kiangazi hayachotwi, yanasubiriwa. Wanawake wanashuka kwenye korongo kavu kabla ya jua kuchomoza, kila mmoja anachimba shimo lake mchangani, anakaa pembeni na kata, anangoja maji yajikusanye chini, kidogokidogo, kama machozi ya mtu mgumu. Kata moja, subiri. Kata ya pili, subiri. Ndoo ikijaa, jua liko juu ya kichwa. Kwa hiyo kisimani kuna muda mwingi wa mdomo.

Angelina, jirani yake, ndiye aliyekuwa na mdomo kuliko wote. Hakuwa mbaya. Siku Evarista alipoolewa, Angelina alipika kuanzia alfajiri mpaka mikono ikavimba. Lakini jambo likimwingia la kuchekesha halitoki bila kuimbwa.

"Loisi, mgeni wako ameamkaje?"

"Mgeni gani?"

"Yule wa kwenye sufuria. Nasikia anaogeshwa mara mbili kwa siku. Mimi mume wangu hajaoga tangu Jumapili!"

Wakacheka. Loisi naye akacheka, ili yaishe.

"Unambadilishia maji?"

"Yanapungua. Naongeza."

"Anayanywa?"

"Yanakauka tu, Angelina. Joto hili."

"Mh! Anayanywa huyo." Angelina akaweka kata chini, akapiga makofi mawili, na wenzake wakajua kinachokuja, kwa sababu tayari walikuwa wamekaa mkao wa kuitikia:

*Jiwe lanywa kwa kikombe,*
*ndama walamba mchanga;*
*Yothamu hanao ng'ombe,*
*achunga jiwe Isanga!*

Wakaitikia. Wagogo wakiitikia wimbo, hata wa kejeli, unapangika sauti tatu bila mtu kupanga, na huo ndio ubaya wake: ulikuwa mtamu. Ulipanda naye Loisi mpaka juu ya korongo. Alipofika nyumbani aliusikia kwa watoto waliokuwa wanachunga mbuzi. Kesho yake aliusikia kwenye kilabu cha pombe. Siku ya tatu alijikuta anauimba mwenyewe akiwa anasaga, akajipiga mdomo.

Siku ya tisa ndama hakusimama.

Alikuwa amelala karibu na sufuria, shingo imenyooka, ulimi nje, anapeleka pua kwenye ukingo. Loisi alikuwa ametoka kisimani na nusu ndoo. Shimo lake lilikuwa limekauka, na la Angelina pia. Alisimama katikati ya ua, ndoo bado iko kichwani. Upande huu ndama. Upande huu jiwe, limelala majini, linang'aa, halina hata haya.

Alilitoa. Alimpa ndama maji yote, ya sufuria na ya ndoo, yeye akabaki na kikombe kimoja.

Tuseme wazi hapa, kwa sababu baadaye watu walisema mengi: Loisi hakulitupa jiwe lile. Hakulitoa kwa hasira wala kwa kumkomoa mumewe. Alilikausha kwa upindo wa khanga. Aliliviringisha kwenye kitambaa cheupe alichokuwa akikiweka kwa ajili ya kanisani. Kisha akajiuliza swali ambalo mumewe alishindwa kuliuliza mjini: jiwe hili liwekwe wapi lisidhurike?

Na jibu alikuwa nalo tangu utotoni. Ndani ya tembe, juu ya mafiga, kuna dari ya miti ambayo moshi na joto vinaipitia usiku na mchana. Hapo ndipo yanapowekwa masuke bora ya uwele, yale ambayo hata njaa ikibisha hodi hayaguswi, kwa sababu ni mbegu. Kitu kilicho hapo hakiguswi na fukusi, hakiguswi na panya, hakiguswi na unyevu. Mama yake Loisi aliweka hapo. Bibi yake aliweka hapo. Mwaka wa njaa kubwa walikula ngozi za kulalia, lakini masuke ya juu ya moshi hayakuliwa, na mvua iliponyesha walikuwa na kitu cha kupanda. Kwa mtu wa Mwilanje hapakuwa na mahali palipo salama kupita hapo, si benki, si kabati la ofisi.

Loisi alipanda juu ya kinu, akayasogeza masuke, akalilaza jiwe katikati yake.

"Kaa hapo," alilinong'oneza. "Kaa na wenzio."

Na kwa mara ya kwanza tangu lije, hakulichukia.

*

Yotham alirudi asubuhi ileile ya tarehe ishirini na tisa, miguu imevimba, bila Yoramu. Kaka yake alikuwa amekataa. Ng'ombe wake walikuwa wanakufa, alisema, na yeye si shahidi wa mawe. Yotham hakulieleza jambo hilo zaidi ya hapo. Alinawa uso, akavaa koti lake la harusi, akauliza, "Jiwe lipo?"

"Lipo."

"Vizuri. Sasa sihitaji Yoramu. Jiwe ni shahidi tosha."

Gari lilikuja saa nne. Alishuka Gaudence na kalamu zake tatu, akashuka mtu wa kampuni, kijana nadhifu aliyeitwa Brighton, mwenye miwani ya jua na viatu ambavyo vumbi lilikuwa linavionea wivu. Mwenyekiti wa kijiji alikuwepo tayari, na nusu ya kijiji nyuma yake, Angelina akiwa mbele. Wakateremka mpaka kwenye shimo chini ya Isanga. Yotham alilifukua mwenyewe, likaonekana shina, la rangi ya ini, limelala kama mamba. Watu wakaguna.

Brighton alivua miwani. "Shikamoo, mzee. Kazi kubwa umefanya. Lakini hili ni gumegume tu na chuma. Mti wa mawe uko sehemu nyingi."

"Marahaba. Hujaona kitu, kijana," alisema Yotham. Alikuwa amesimama ukingoni mwa shimo, koti limefungwa vifungo vyote katika jua lile, na sauti yake ilifika mpaka kwa waliosimama mbali. "Nimechonga mizinga miaka ishirini na tano. Hakuna mti wa nchi hii nisioujua. Huu sikuujua, nikaona haya, nikauchimba mpaka ukanionyesha moyo wake. Mlipokuwa mnaandika barua, mimi nilikuwa nachimba. Leo mtauona." Akageuka. "Mama Evarista, lete!"

Loisi alikwenda nyumbani. Alipanda juu ya kinu. Mkono wake ulipapasa kati ya masuke ukakikuta kitambaa, chenye joto, kama mkate. Kilikuwa kimekuwa cha kahawia kwa moshi. Hakukifungua humo ndani. Alitoka nacho uani kwenye mwanga, akafungua pembe moja.

Aliona weupe.

Alifikiri ni majivu. Alipangusa kwa kidole. Alifikiri ni kitambaa kimechuja. Akatema mate, akasugua, akasugua kwa kucha, akakimbilia kata yenye maji ya mwisho, akamwaga yote. Jiwe lilikunywa maji likatoa sauti ndogo, tss, likabaki jeupe. Weupe wa mfupa uliolala porini. Pete zilikuwepo, gome lilikuwepo, tundu la funza lilikuwepo. Taa tu ndiyo iliyokuwa imezimwa.

Kutoka nyumbani mpaka shimoni ni mwendo wa dakika kumi. Loisi alizitembea zote. Angeweza kuanguka makusudi. Angeweza kusema limeibiwa, na wangetafutwa wezi, na siku ingeahirishwa. Alifikiri hayo yote. Lakini alikuwa anamwona mumewe toka mbali, lile koti, lile bega moja lililo juu kidogo kwa sababu ya shoka, na miguu yake ikaendelea kwenda tu.

Alimpa Gaudence, hakumpa Yotham.

Gaudence alifungua kitambaa. Aligeuza jiwe mara moja, mara mbili, akaliinua kwenye jua. Brighton alisogea akachungulia, akarudi nyuma, na kwa haki ya Mungu hakucheka.

"Mama," alisema Gaudence taratibu, "lilikuwa linakaa wapi?"

"Kwenye maji. Siku tisa. Baadaye nikaliweka juu."

"Juu wapi?"

"Juu ya jiko. Penye mbegu."

Kila mwanamke aliyekuwepo alielewa kwa nini liliwekwa hapo. Angelina alijifunika mdomo kwa khanga.

Gaudence alieleza, akiwa ameinama, kana kwamba anamweleza Loisi peke yake. Mti huo ulipofukiwa, alisema, maji ya ardhini yaliuingia, yakaacha jiwe mahali pa ubao, punje kwa punje. Hapo penye tawi maji yalikuja na madini ya nikeli kutoka kwenye miamba ya kilima, ndiyo kijani. Lakini nikeli inashika rangi ikiwa na unyevu wake ndani. Ukiitia joto siku nyingi, unyevu unatoka, na rangi inatoka nao. "Ndiyo maana nilimwambia mzee lisitoke majini."

Loisi alimgeukia mumewe. "Hukuniambia ni joto."

Yotham alikuwa anatazama jiwe. "Sikuuliza," alisema. Lilikuwa neno dogo sana kutoka kwenye kifua kile. Kisha akamsogelea Gaudence. "Lakini wewe uliliona. Mjini. Ulifunga mlango ukaliona. Andika ulichokiona."

"Mzee, natakiwa kuandika kinachoonekana hapa, leo, mbele ya pande zote."

"Kwa hiyo macho uliyoyatumia mjini yalikuwa ya nani?"

Gaudence alitoa kalamu nyingine mfukoni.

"Nakuuliza! Uliazima macho? Jiwe hili mwanamke amelikosea kwa kulipenda, na wewe unalikosea kwa kuogopa karatasi! Sema mbele ya watu: lilikuwa la kijani au halikuwa?"

"Lilikuwa la kijani," alisema Gaudence, masikio yamemwiva. "Kijani kizuri kuliko vyote nilivyowahi kushika." Na bado akainama akaandika, na mwenyekiti aliyesimama nyuma yake alisoma kwa sauti kama utaratibu ulivyotaka: *kipande kimoja cha mti wa jiwe, cheupe, hakina rangi.*

Yotham alichimba tena siku ile, mbele yao, amevua koti, mpaka saa tisa. Walimsubiri kwa heshima. Alipasua shina pande zote. Lilikuwa ini, na weusi, na ini tena.

*

Nguzo za saruji zilisimikwa mwezi wa Oktoba, na mwezi wa Novemba ukaja uzio wa waya. Ulianzia kilimani ukateremka tambarare mpaka korongoni, ukilimeza shamba zima na mfereji ambao haukuwahi kuonja maji. Walipewa fidia ya miti mitatu na kibanda cha kufukuzia ndege. Kijiji kiliahidi kuwatafutia mahali pengine, na mwenyekiti alipoulizwa ni wapi, alinyoosha mkono kuelekea upande ambao hata mbuzi hawaendi.

Brighton alikuja mwenyewe. Alimwambia Yotham kwamba kampuni inahitaji mlinzi, mtu anayekijua kilima. Kila mtu alisubiri kusikia Yotham atamjibu nini, na Angelina alikuwa ameshaandaa beti. Yotham alikaa siku mbili nyumbani. Siku ya tatu alitoka akiwa amevaa koti la kijani la kampuni, lililompwaya mabegani, filimbi shingoni. Angelina hakuimba. Tangu siku ile ya shimoni hakuwa ameimba kitu.

Loisi alilirudisha jiwe kwenye sufuria. Hakuna aliyemwambia. Alilijazia maji kila siku, akichimba mchanga mpaka kifuani, na wanawake wengine walimpisha kwenye zamu bila neno. Wiki ya pili aliona, ndani kabisa ya tundu la funza, uzi mmoja wa kijani, mwembamba kama mshipa wa jani. Alimwita Yotham aone. Yotham aliinama, akatazama.

"Nilipeleke mjini?" aliuliza Loisi.

"Faili limefungwa."

"Lakini kinarudi."

"Mama Evarista," alisema, bila ukali, na Loisi angefurahi kama pangekuwa na ukali, "sijui kinarudi wapi."

Uzi ule haukuongezeka. Mpaka leo ni uzi tu.

Mvua ya kwanza ilinyesha tarehe nane Desemba, alasiri, kwa kishindo, na harufu ya ardhi ikaingia hadi ndani ya tembe. Loisi alipanda juu ya kinu akayateremsha masuke. Aliyapura, akapepeta, akachukua punje kumi akazifunga kwenye kitambaa kibichi kama alivyofundishwa. Baada ya siku mbili zote kumi zilikuwa zimetoa mkia. Hakuna hata moja iliyokufa. Mbegu zilikuwa zimekaa vizuri kweli, juu ya moshi.

Alizitia kwenye ungo, akachukua jembe, akateremka Isanga. Alijua uzio upo. Hakujua anakwenda kufanya nini. Mvua ilikuwa imenyesha, ana mbegu, na miguu yake tangu ameolewa ilikuwa inajua njia hiyo moja.

Upande wa pili wa waya ardhi ya shamba lao ilikuwa imelowa, nyekundu, imejaa kama mama anayenyonyesha. Mfereji wa Yotham ulikuwa unaleta maji kutoka kilimani, sawasawa kama alivyokuwa amesema utayaleta. Maji yalikuwa yanatuama pale ambapo hapatalimwa.

Filimbi ililia. Yotham alikuja taratibu, koti limelowa, rungu mkononi. Alisimama upande wake wa waya. Waliangaliana.

"Rudi, Mama Evarista."

"Mvua imenyesha."

"Najua imenyesha."

"Hata mstari mmoja? Hapa pembeni? Nani ataona?"

"Nitaona mimi," alisema Yotham. Akanyanyua kidevu juu, kama zamani. "Wameniandika kwa jina. Nimetia dole gumba."

Loisi aliteremsha ungo, akaupitisha mkono kwenye waya, akamwekea mumewe punje chache kiganjani. Yotham alizitazama. Akazinusa, kama alivyokuwa akinusa kibanzi. Kisha akazirudisha, zote, akihakikisha hata moja haikudondoka upande wake.

Loisi alirudi nyumbani. Alipanda juu ya kinu, akaueneza tena uwele juu ya dari, karibu na moshi, na safari hii hakujua anauwekea nini. Aliposhuka aliona ndama ametoka zizini. Alikuwa amekua, shingo nene, miguu imara. Alikuwa ameingiza pua kwenye sufuria na anakunywa, taratibu, akilizungusha jiwe kwa mdomo ili ayafikie maji ya chini. Loisi alisimama mlangoni akamwacha anywe mpaka yakaisha.